Dhahabu Iliyovaa Nguo

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga nilipopata kazi kwenye maabara moja huko mjini, mimi mtoto wa kijiji cha Tlawi, mhitimu wa masomo ya jioni. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba mbu angemeza elfu nzima bila kupaliwa, kisha kuzivisha nyuzi za DNA. Halafu kuzisafisha. Mashine ilizizungusha kwa kishindo cha kubomoa Mlima Hanang, dhahabu ikatuama chini, nami nikamwaga maji ya juu pamoja na nyuzi zilizokosa pa kushika. Kisha tena. Kutwa nzima niliongea na mashine, na mashine haijui hata kuitikia salamu.

Nyumbani nako sikuwa na wa kuongea naye. Tlawi nzima ilisikia nasafisha dhahabu, basi wakaniona mchimbaji anayeficha mawe. Likizo moja nikaamua kwamba mama, angalau yeye, aione kazi yangu. Nikabeba vichupa viwili.

"Shikamoo mama. Dhahabu yenyewe hii hapa."

"Marahaba. Mbona nyekundu? Umeiba divai ya padri?"

"Ikiwa ndogo sana, mama, huwa nyekundu."

"Kumbe jioni mlikuwa mnasomea uongo!"

Nikamwomba chumvi ya jikoni. Nikatia kidogo kwenye kichupa cha dhahabu isiyovishwa. Palepale ikageuka buluu, kama midomo ya mtu aliyeoga nje mwezi wa Julai. Mama aliruka, nusura atoboe paa. Nikatia na kwenye ile iliyovishwa. Ikabaki nyekundu vilevile.

"Ile ya kwanza ilikuwa uchi," nikamweleza. "Ikionja chumvi, chembe zinakumbatiana, zinaharibika. Hizi zimevaa DNA. Hazishikani ovyo."

Akakiinua kichupa kwenye mwanga wa mlango, akakitazama mpaka nikadhani amenisahau.

"Kwa hiyo zilizo salama ni hizi, kila moja peke yake?"

"Ndiyo, mama."

Akakiweka chini taratibu. Akaniangalia mimi, akaliangalia na koti langu la mjini, lililofungwa vifungo mpaka shingoni.

"Kazi yako nimeielewa," akasema. "Sasa vua hilo koti, usogee hapa motoni."

Nikalivua. Likizo ilipoisha nikalivaa tena, nikapanda basi.