Kidole Kisichovimba

Mtu akiingia kliniki amekishika kidole chake kama yai, kimevimba, kinawaka, na yeye mwenyewe anakunja uso, mimi kwanza hufurahi. Simwambii, maana atanitukana na atakuwa na haki. Lakini moyoni nasema afadhali. Chuoni kwetu Kenya mwalimu wa uuguzi alitukaririsha mpaka tukayaota: wekundu, uvimbe, joto, maumivu. Hayo manne si ugonjwa, alikuwa akisema huku akigonga meza, huo ni mwili unapigana. Akaongeza kwamba kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo tuweke mgongo wa mkono juu ya kidonda tusikilize joto. Tulimcheka sana yule mwalimu, eti kusikiliza joto. Siku hizi simcheki tena.

Nakaa Hai Cinema, mtaa wa hapa Juba, kwenye ua wenye vyumba vya kupanga, na kliniki ninayofanya kazi iko karibu, naenda kwa miguu. Njiani kulikuwa na hoteli ya mama mmoja Mganda, hoteli ya mabati tu, samaki, maharagwe na posho, ndio ugali wa kwao. Alikuwa ameishi Juba miaka mingi kuliko mimi. Ana sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya pili ya barabara, na Kiswahili chake kile cha Uganda ambacho hakijali lolote. Aliniita sista, kama wauguzi wote wanavyoitwa, nami nikamwita mama, kwa sababu umri wake ni wa mama yangu na samaki wake pia. Aliishi na binti wa marehemu kaka yake, msichana mpole, mwembamba, ambaye kazi yake ilikuwa kuparua samaki asubuhi na kucheka kwa kuficha meno. Msichana alikuwa ameposwa na kijana wa hapa Juba anayebeba mizigo uwanja wa ndege.

Sasa, kwao Buganda bibi harusi hutayarishwa na shangazi yake, dada wa baba, ambaye humwita senga. Senga ndiye anayemfundisha kukaa, kusalimu, kupika, na mambo mengine ambayo sitayaandika hapa. Bibi harusi akifika kwa mumewe hafai, anayeaibika ni senga. Mama huyu alilichukua jambo hilo kwa uzito wote, na kwa sababu hapa ni Juba, akaongeza na ya hapa: msichana akafukizwa kwa moshi wa mti unaonukia, akasuguliwa mwili kwa unga wenye manukato, akapakwa hina. Kasoro ikabaki moja. Ndugu za bwana harusi walipokuja kumwona walisemezana kwa Kiarabu, wakidhani mama hasikii, kwamba msichana ni mifupa mitupu. Mama alisikia kila neno. Lilimchoma, na akanyamaza, jambo ambalo kwake ni gumu kuliko kufunga mwezi mzima.

Wakati huo mimi nilikuwa likizo kwetu. Niliporudi nikapita hotelini kusalimu, nikamkuta msichana mwingine kabisa. Mashavu yamejaa, uso mviringo, shingo imenenepa kwa nyuma. Wateja walikuwa wanamtania kwamba posho ya senga inafanya kazi. Mama aliniuliza, huku anajisifu kwa macho, nimeonaje mtoto wake. Nikatazama mikono, ilikuwa ile ile ya zamani, myembamba kama fito. Nikajua kuna jambo, maana chakula hakinenepeshi uso peke yake.

Kisha nikaona kidole. Mwiba wa samaki ulikuwa umemchoma kidole cha shahada siku kadhaa nyuma, kitu cha kawaida kwa mwenye kuparua samaki. Palikuwa na tundu dogo, pembeni pamekuwa kijivu. Hapakuwa na uvimbe wala usaha. Mama akaniambia kwa furaha kwamba mtoto ana damu nzuri, tazama, hata hajavimba. Nikaweka mgongo wa mkono. Kidole kilikuwa baridi kama cha mtu aliyetoka kufua nguo. Lakini nilipombonyeza kiganja, mbali na jeraha, msichana alishtuka akauma midomo.

Nikamuuliza anatumia dawa gani. Akamtazama shangazi yake. Mama akasema hakuna dawa, vitamini tu. Nikasema nionyeshe hizo vitamini. Akafungua fundo la leso kiunoni akatoa kifuko cha nailoni chenye vidonge vidogo vyeupe, bila jina, bila karatasi. Alivinunua sokoni kwa mwanamke anayeuza manukato na mafuta ya maharusi. Nilivijua. Ni dawa kali ya kuzima uvimbe mwilini, sisi tunampa mgonjwa kwa hesabu na kwa hofu, na hapa msichana wa watu alikuwa anatafuna asubuhi na jioni ili anenepe.

Mimi nina hasira za karibu, najijua. Nikawaka pale pale mbele ya wateja. Nikasema hii ni sumu, mama, unampa mtoto sumu. Mama akakaa kwenye kreti ya soda, akawa mdogo ghafla, nami nikaona haya nikavuta kiti nikaanza upya kwa sauti ya chini.

Nikamweleza kwamba mwizi akivunja nyumba usiku, mwenye nyumba hupiga nduru, majirani wakaja na marungu. Uvimbe na joto ndiyo hiyo nduru. Hivi vidonge vimeuziba mwili mdomo. Mwizi yumo ndani, anabeba vitu, na mtaa umelala. Akaelewa, nikamwona kwa macho ameelewa. Nikamwambia la pili, na hili nilirudia: usimwachishe kwa mara moja. Mwili wenyewe hupika kidogo dawa ya namna hii, lakini ukiletewa sahani kutoka nje kila siku, huacha kupika, jiko linazimika. Ukiiondoa sahani ghafla, mwili utakufa njaa. Mlete kliniki na vidonge vyake, dokta atampunguzia polepole. Mama akatikisa kichwa, ndiyo sista, ndiyo sista.

Alasiri ile ile tukamsafisha kidole, dokta wetu akamwanzishia sindano za kuua vijidudu, akamwambia arudi kesho na vidonge vyake, maana mama alisema vimebaki nyumbani. Kesho yake hakuja. Walikuwa wamefikiwa na wageni kutoka Kampala kwa ajili ya harusi, na kidole kilikuwa hakijavimba bado, basi nani angekimbilia kliniki? Nilituma ujumbe kwa simu, nikajibiwa salama.

Jumapili asubuhi wakamleta, mama na bwana harusi, wamemshika huku na huku. Alikuwa anatapika. Midomo imepauka, kiganja chote kimekuwa na rangi ya majivu hadi kwenye kifundo, na mapigo ya moyo yanakimbia huku presha haishikiki. Nikaweka kipimajoto kwapani nikiomba homa. Niliomba kweli, kwa midomo, Bwana mpe homa. Hakuwa na homa. Alikuwa baridi.

Nikamuuliza mama vidonge viko wapi. Akasema alivitupa chooni siku ile ile, vyote, pamoja na kifuko chake.

"Mama, nilikuambia usimwachishe."

"Wewe ulisema sumu, sista. Nani iko anapea mutoto yake sumu, hata moja?"

Ungekuwa wewe, umeambiwa umemlisha mtoto sumu, ungemwongeza kidogo?

Dokta akasema maji ya mishipa yaende kwa kasi, dawa ya vijidudu iende, na ile dawa yenyewe aliyoachishwa tumpe ya sindano, sasa hivi, ndipo tumpeleke hospitali kubwa, vinginevyo hafiki. Maji tulikuwa nayo. Dawa ya vijidudu tulikuwa nayo. Ile ya tatu ilikuwa imetuishia, na maboksi mapya yalikuwa yameshuka Juba tayari, yamekaa kwenye ghala la mizigo uwanja wa ndege yakisubiri mihuri ya forodha. Bwana harusi kusikia hivyo akaruka kwenye pikipiki. Baadaye alinipigia simu akilia: maboksi anayaona kwa dirisha, ni yeye mwenyewe aliyeyabeba, lakini ghala limefungwa na mwenye ufunguo yuko kanisani na simu ameizima. Nikapiga kwenye maduka ya dawa niliyoyajua. Moja halikuwa nayo, jingine halikupokea. Nikabaki nimeshika simu kama mjinga.

Ndipo nikakumbuka sokoni.

Nilimwachia dokta mgonjwa nikakimbia, mama nyuma yangu. Mwanamke wa manukato alikuwa amekaa kati ya chupa zake, na kabla sijafika nilimwona akivuta kitambaa juu ya beseni. Nikamwambia nataka vile vidonge vidogo vyeupe vya maharusi. Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, na hapo nikajitambua: nilikuwa nimevaa sare, nyeupe pe, na saa yangu ya kifuani. Aliniona mkaguzi.

"Mafi," akasema. Hakuna.

Nikamwambia kuna mgonjwa, sikuja kumkamata mtu. Mafi. Nikaapa kwa jina la Mungu. Akasema yeye anauza manukato tu, wala hajui vidonge vinafananaje. Mimi, niliyekuwa nimeitukana dawa ile mbele ya hoteli nzima, nilikuwa nimesimama juani naiomba kama mkate, na aliyekuwa nayo alikuwa ananiogopa. Nilitamani kulipindua lile beseni. Nilitamani kulia. Sikufanya lolote.

Mama akanipita. Akapiga magoti kwenye vumbi, magoti yote mawili, kama wanawake wa kwao wanavyopiga mbele ya mkubwa, mama mtu mzima ambaye nusu ya soko ilimjua kwa sauti. Na sauti hiyo hakuitoa. Alisema kwa Kiarabu, polepole, kwamba mtoto wake anakufa, na kwamba atasema vidonge aliviokota barabarani. Mwanamke akatazama pembeni, akaingiza mkono chini ya kitambaa, akamfumbatisha kifuko.

Tulirudi tukikimbia. Nikaponda vidonge, nikakoroga na maji, nikamnywesha kwa kijiko. Akatapika. Nikarudia, akatapika tena, na safari hii alinitazama akasema pole sista, kama vile amenichafulia nguo makusudi. Dokta alikuwa ameshaita gari. Alifariki kabla gari halijafika, shangazi yake amemshika ule mkono, msichana ametulia kabisa, bila homa, bila uvimbe, uso wake mviringo kama bado anatunzwa.

Siku ya msiba nilikaa na wanawake kwenye mkeka. Wengi walimsifia jinsi alivyokuwa amependeza. Ndugu za bwana harusi nao walisema hivyo, kwa Kiarabu, kwamba alikuwa amejaa vizuri. Mama alisikia. Nilimwona akisikia. Maboksi yetu yalitoka ghalani wiki hiyo hiyo, yakapangwa kabatini, na kila nikifungua kabati lile nilikuwa nataka kulipiga teke.

Hoteli ilifungwa kwa muda. Nikawa nazunguka kwa njia ya nyuma kwenda kazini, na si kwa sababu niliona mama amekosa au mimi nimekosa. Sikujua tu ningemwambia nini. Pole nilikuwa nimeshaisema mpaka ikaisha ladha.

Kisha asubuhi moja akaja mwenyewe kliniki, akapanga foleni kama watu wote, hakuita mtu. Alikuwa amefunga mkono kwa kitambaa. Nilimwingiza ndani nikamkalisha. Akafungua kitambaa taratibu. Sasa alikuwa anaparua samaki mwenyewe, na mwiba ulikuwa umemchoma kidole kile kile cha shahada. Kilikuwa kimevimba kama ndizi, ngozi imevutika inang'aa, usaha umekusanyika chini ya ukucha. Lazima hakuwa amelala kwa maumivu.

Nikaweka mgongo wa mkono. Kiliwaka.

Nilitaka kumwambia kwamba ni vizuri, ni dalili njema, tutakipasua kitapona. Maneno ya kazi. Badala yake nikavuta trei ya vifaa. Yeye alikuwa anakitazama kidole, machozi yanamshuka bila sauti, na mimi nilijua si kwa maumivu.

"Ona, sista," akasema. "Mimi muzee, mimi iko navimba."