Siku Nilipomwigiza Mshambuliaji Wetu Kaburini

Viongozi wa timu yetu ya zamani walikuja na magari yenye vioo vyeusi na jezi mpya ndani ya mfuko wa nailoni. Jezi ilikuwa na namba tisa mgongoni. Walitaka itandazwe juu ya jeneza, na mpiga picha wao asogee mbele, mbele hata ya dada zake marehemu. Mtu amelala kitandani Mikumi tangu masika, mguu umekauka kama ukuni, hakuna hata mmoja wao aliyesimamisha gari japo barabara wanapita kila siku kwenda Iringa. Amekufa, wamekumbuka namba ya jezi yake.

Nilikasirika siku ile na bado nina hasira. Lakini nikitaka kusema kweli, nusu ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe, na ndiyo maana naandika.

Marehemu alikuwa mshambuliaji bora kuliko wote niliocheza nao. Mimi nilikuwa winga wa kulia, kazi yangu kumpelekea mipira. Tulianzia Kilosa mjini, kwenye timu ya vijana ambao baba zao waliletwa na reli na mashamba ya mkonge, kisha tukachukuliwa wote wawili na timu ya shirika moja la umma iliyokuwa ikicheza ligi kuu. Enzi zile mchezaji wa kulipwa aliitwa mfanyakazi. Asubuhi unafanya mazoezi, halafu unakwenda kazini kuonekana. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nikawekwa stoo. Yeye aliishia la saba, akawekwa getini kama mlinzi. Mabao karibu yote ya timu yalikuwa yake, na mshahara wangu ulikuwa mkubwa kuliko wake. Hakuna aliyeona ajabu.

Hakuwa mrefu, wala hakuwa na mbio sana. Alikuwa anasimama nyuma ya beki, mikono kiunoni, kama mtu aliye kwenye foleni ya maji anayejua zamu yake itafika. Beki anageuka kumtazama, yupo. Anageuka tena, hayupo, na mpira uko wavuni.

"Wewe Mngoni," alikuwa akiniambia, "usinitafute kwa macho. Piga pale nitakapokuwa."

"Nitajuaje utakapokuwa? Labda kuna mbwa amepita, umeacha mechi unamfukuza awe mboga."

"Heri mimi nafukuza mbwa. Nyie mnachimba panya."

Yeye alikuwa Mhehe. Wangoni na Wahehe babu zao walipigana sana, na vita vilipokwisha ukabaki utani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kuku wako mchana kweupe, na huruhusiwi kununa. Ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Na siku mtani wako akifa, unakwenda msibani kufanya fujo: unaigiza alivyotembea, unalala njia ya kaburini unadai ada, unawachekesha wafiwa mpaka wanasahau kulia. Mimi na yeye tuliishi hivyo maisha yetu yote. Sikumbuki kama tuliwahi kuongea jambo kwa uso mkavu, na sasa naona hilo lilikuwa kosa letu.

Goti lake liliharibika katika msimu wetu mzuri kuliko yote. Lilivimba likawa kama papai. Mganga wa hospitali alimkataza kucheza. Lakini tulikuwa tumebakiza mechi chache za kuamua ubingwa, na katibu wa timu, kijana mdogo kuliko sisi, mwenye suruali ya kunyooshwa na maneno matamu, alikuja chumba cha kuvalia na mtu mwenye sindano ya ganzi. Akafunga mlango.

"Ni dakika tisini tu, kaka," alimwambia. "Baada ya hapo tunakupeleka Muhimbili wakutibu vizuri."

Marehemu alinitazama mimi. Alikuwa anaogopa sindano kuliko beki yeyote. Katibu akaniambia, "Wewe mtani wake, mshike mguu." Nikamshika. Nikamtania kidogo ili acheke, akacheka, sindano ikaingia. Siku ile alifunga, tukambeba mabegani.

Mechi ya mwisho wakamchoma tena, na ganzi ikazidi. Kipindi cha pili nilipenya pembeni, nikampelekea mpira pale alipotakiwa kuwa, na alikuwepo. Kipa alikuwa chini. Goli lilikuwa tupu. Akanyanyua mguu akapiga ardhi, mpira ukapita taratibu ukatoka nje. Baadaye aliniambia hakuusikia mguu kabisa, ilikuwa kama kapiga kwa mguu wa mtu mwingine. Tukafungwa. Ubingwa ukaenda.

Washabiki walizunguka basi letu na mawe. Sisi tukajificha chini ya viti. Katibu akasimama mlangoni pa basi, akainua mikono, akasema kwa sauti ambayo naisikia hadi leo: "Msituulize sisi viongozi! Muulizeni namba tisa wenu amekula ngapi!"

Ndiyo hivyo tu. Kwa sentensi moja, mtu aliyeharibiwa goti akawa muuza mechi. Nilikuwa viti viwili nyuma ya katibu. Nilijua kila kitu, maana mikono yangu ndiyo iliyoshika ule mguu. Nikanyamaza. Siwezi kusema niliogopa mawe tu. Nilifikiria stoo, nilifikiria nyumba ya shirika niliyokuwa nimeahidiwa. Nyumba nilipata.

Yeye alirudi huku kwetu bila kazi na bila goti. Alipalilia mashamba ya mbegu Kilangali kama kibarua, anavuta mguu kwenye matuta, na vijana wa mstari wa pili wakimwimbia, "Mzee piga! Piga, goli tupu hilo!" Baadaye akawa mlinzi wa malori yanayolala Mikumi. Binti yake aliitwa shuleni mtoto wa muuza mechi. Huyo binti amekua, ameolewa, ana watoto, na bado kuna watu hapa kijijini kwao Kisanga wanaomwita hivyo.

Asubuhi ya maziko alinifuata nilipokuwa na wachimba kaburi.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Pole."

"Baba aliniambia kabla hajafa. Habari ya sindano. Alisema ulikuwemo chumbani." Hakulia. Alikuwa ameshika mkeka ambao alitumwa kuutandika. "Mimi nikisema wataona natetea baba yangu. Wewe wakikusikia wataamini. Na yule katibu anakuja leo, sasa hivi ni mheshimiwa. Sema mbele yake. Asizikwe na lile jina."

Nikamwambia nitasema. Nilimaanisha kabisa.

Basi ikafika saa yenyewe. Mheshimiwa akasoma wasifu wa marehemu: mchezaji hodari, mwenye nidhamu, ambaye "aliamua kustaafu ili kurejea nyumbani kujishughulisha na kilimo." Alijishughulisha na kilimo! Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Lakini nilipotazama yale magari na yule mpiga picha, na zile shingo nene zilizopangwa kwenye viti vya mbele, woga ule ule wa kwenye basi ukanirudia. Nikajiambia: mimi ni mtani, nitasema kwa utani. Wakikasirika, nitajibu huu ni utani, na hakuna wa kunigusa. Nilijiona mjanja.

Nikaruka mbele, nikanyakua ile jezi juu ya jeneza, nikaivaa. Watu wakashangilia, walikuwa wananisubiri. Nikatembea kwa kuchechemea kama yeye. Nikajitupa chini kando ya kaburi, nikanyoosha mguu, nikapiga kelele, "Mama yangu weee! Katibu ananichoma! Nishikeni mguu, Wangoni nyie!" Nikajichoma na kijiti gotini. Nikainuka, nikapiga mchanga badala ya mpira, nikaanguka. Nikamnyooshea kidole mheshimiwa: "Huyu! Huyu ndiye aliyenichoma, halafu akasema nimekula rushwa! Nilikula nini, nilikula mbwa tu mimi!"

Walicheka mpaka wakashikana. Kina mama waliokuwa wakilia walijifuta machozi ya kicheko kwa khanga. Mheshimiwa mwenyewe alicheka akapiga paja, akainuka akanishikisha noti mkononi kama ilivyo desturi, na mpiga picha wake akarekodi yote. "Mtani huyu noma!" alisema kijana mmoja. Nami, Mungu anisamehe, nikainama kuwashukuru.

Kisha nikamwona binti. Alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, na ni yeye peke yake ambaye hakucheka. Udongo ukaanza kutupwa.

Nililala na hasira ambayo sijui kuieleza vizuri. Ukweli wote niliusema, kila neno, mbele ya kila aliyetakiwa kusikia, na nikauharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Mtani akisema, nani anaamini? Ndiyo kazi ya utani, kuondoa uchungu kwenye maneno. Niliwafutia wao uchungu, wakapanda magari yao wakiwa wepesi.

Kesho yake tulikusanyika kuanua tanga. Wageni wakubwa wote walikuwa wameshaondoka, tumebaki ndugu, majirani na wazee wa Kisanga. Nikaomba kusema. Mtu mmoja akaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

"Leo si utani," nilisema.

"Ehee, ameanza!"

"Nimesema si utani!" Nilipiga kelele. Nikawaeleza kuhusu mlango uliofungwa, na sindano, na basi. Nilieleza vibaya, nikirudia-rudia. Wengine walisikiliza, wengine walitazamana wakisubiri mahali pa kucheka. Nilipomaliza, mzee mmoja akaniuliza, "Sasa mbona jana hukusema?" Wakaanza kunong'ona. Niliwaona wanateleza mikononi mwangu.

Binti akanisogelea.

"Namba ya mheshimiwa unayo?"

"Ninayo. Alinipa jana, kasema nimtafute."

"Mpigie. Weka spika."

"Mwanangu..."

"Baba mkubwa, mpigie."

Nikapiga. Simu ikapokelewa haraka, na sauti ile ikatoka kubwa katikati ya uwanja.

"Shikamoo mzee! Aisee, jana ulituua! Mke wangu nimemwonyesha video, kacheka hadi kalia."

"Marahaba. Sikiliza. Leo sikupigii kwa utani. Wewe ndiye uliyemleta yule mtu wa sindano. Mguu ulikufa ganzi, ukajua, ukasimama mlangoni pa basi ukasema ameuza mechi."

Kuku mmoja akapita katikati yetu, hakuna aliyemfukuza.

"Mzee, uko na nani hapo?"

"Niko msibani."

"Sasa mambo ya kizamani unayafukua ya nini? Sikumlazimisha mtu. Alikubali mwenyewe. Na huo mguu si ulishika wewe?" Sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Wewe uliwaona wale watu, walikuwa na mawe. Walitaka mtu. Tungewapa nani? Nikupe wewe?"

Nilitaka kujibu. Binti akaichukua simu mkononi mwangu.

"Asante mheshimiwa," alisema. "Mimi ni binti yake. Hapa tupo wengi." Akakata.

Yule mzee aliyeniuliza alivua kofia yake akaitazama ndani. Wanaume wawili ninaowafahamu, waliokuwa wakimwimbia kule Kilangali enzi za ujana wao, waliinuka wakaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Dada mkubwa wa marehemu alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Ni bibi sasa, hasikii vizuri, na alikuwa amemwomba mjukuu amrudilie maneno ya simu. Aliponielekea, uso wake ulikuwa mtulivu.

"Kwa hiyo mdogo wangu hakuuza."

"Hakuuza, dada."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu kitu kichwani.

"Na ulikuwa unakuja hapa Krismasi."

Nilikuwa nakuja. Miaka yote hiyo nilikuwa nakuja, nakaa kwenye kiti cha kamba pembeni ya marehemu, tunataniana, na yeye dada ndiye aliyekuwa akinipakulia wali.