Bega la Useng

Katika milima ya Budo, mti wenye kiota cha hondohondo una mwenyewe. Aliyepigilia vigingi vya kupandia ndiye mwenye mti, na baada yake wanawe. Mwingine hatii mguu. Vigingi vya mti mkubwa wa bondeni alivipigilia babake Useng. Useng akavipanda miaka mingi, akitoa makinda na kuyauza mjini. Siku hizi ni mlinzi wa viota katika hifadhi ileile aliyokuwa akiiibia.

Kwa mwaka wa tatu hondohondo wawili, dume na jike, walikuja kwenye mti huo, jike akaingia tunduni. Desturi yake ni kujifungia humo kwa udongo, abakize ufa wa mdomo tu, dume amlishe mpaka kinda liote manyoya. Udongo ukadondoka tena. Siku ya nne akatoka. Wakuu wa hifadhi wakasema mti umezeeka, ufutwe kwenye orodha ya miti ya viota. Useng alijua ndege wale wangezunguka bonde juma moja hivi, kisha wangehama wasirudi.

"Mti haujazeeka," alimwambia mkewe, Kaltom, wakila wali na budu, mchuzi wa samaki waliochachushwa. "Tundu ni pana. Nililipanua mimi kwa shoka, bega lipite."

Kaltom akaacha kutafuna. "Sasa unataka kupanda, Abe, mume wangu? Wewe, ambaye hata ngazi ya nyumbani unaipanda kwa kuiomba radhi?"

"Nani mwingine apande? Vigingi ni vya baba."

"Kakuachia vigingi, hakukuachia magoti."

"Kamba utashika wewe."

"Nikiiachia?"

"Utaolewa na Doloh muuza duriani. Na kukoroma kwake unakujua."

Asubuhi ukungu ulipoinuka alianza kupanda. Vigingi vya babake vilikuwa vimeoza, kwa hiyo kando ya kila kimoja akapigilia kipya kabla ya kukikanyaga. Katikati ya safari goti likagoma. Akaukumbatia mti, shavu kwenye gome, akisikia moyo wake ukigonga kama mgeni asiyefunguliwa. Chini Kaltom alivuta kamba ikakaza. Useng akapigilia kigingi kingine.

Huko juu alama za shoka lake zilikuwa bado wazi. Akakongomea vibao, akavikandika udongo wa kichuguu, akapunguza tundu mpaka bega lake lisingeweza kupita tena.

Siku ya tano baada ya kazi hiyo, wakiwa wamejificha vichakani, walisikia mabawa yakivuma. Jike akatua, akachungulia, akaingia. Dume akamletea udongo. Punde mdomo wa jike ukatokea, ukabandua kipande cha kazi ya Useng, ukakitupa chini, ukakandika udongo wake.

"Kazi yako haijampendeza," Kaltom alinong'ona.

"Mwache asahihishe."

Kufikia adhuhuri ulibaki ufa wa mdomo tu, na udongo haukudondoka.