Bwana Harusi wa Kwenye TV Siye Aliyekuja

Eeh, kweli, mke wangu alimfungia mlango mchumba wa mjukuu wetu. Mchana kweupe, siku ya Ijumaa, watu wametoka kuswali. Lakini nyie mnaouliza hapa kwenye grupu, nani kakwambieni?

Haya, ntasema. Nnaandika kwa kidole kimoja, na skuli mimi sikukaa sana. Pakipinda, nyoosheni wenyewe.

Sisi tunakaa Mabela, huku kwa Waarabu. Mimi, mke wangu Bi Nasriya, na mjukuu wetu Maha, anofanya kazi kliniki ya meno kule Hamriya. Huko ndiko alikoonana na Thani, kijana wa Amerat. Kila wiki kijana jino linamuuma. Sijui ana meno mangapi yule.

Kijana ana adabu lakini. Akaleta posa kupitia wazee wake. Mama yake akatupa flashi yenye harusi ya kaka yake Thani, tumuone mtoto wao; ndiye mwenye kilemba cha zambarau, akatwambia. Na sisi tukampa video ya Maha, tumempiga kwa simu siku ya Eid.

Ndivyo tunavyofanya. Wazee wanatizama, wenyewe wanakimbia kwa haya. Siku tunatizama sisi, Maha kajificha jikoni, hata kuchungulia hakuchungulia.

Sasa TV yetu ni hizi mpya, pana kama mlango ulolazwa. Na Bi Nasriya anapenda tamthilia za zamani. Picha zake zinakaa katikati tu, pembeni kweusi, huku na huku.

"TV imevaa buibui hii," akanambia. "Umeninunulia TV au dirisha?"

Mwanamme ukiambiwa hivyo unafanyaje? Nikachukua rimoti, nikabonyeza bonyeza, mara picha ikatanuka, ikajaa. Weusi wote ukaondoka. Waigizaji wakanona palepale, mashavu kama mandazi.

Bibi kafurahi. "Watu wa zamani wakila, bwana!"

Ikabaki hivyo hivyo.

Basi tukaweka flashi. Harusi imepigwa kwa kamera ya baba yake Thani, Bwana Murshid. Kamera kongwe, hataki kuitupa. Mara huyo, kilemba cha zambarau, anacheza na fimbo. Jamani! Bonge la mtu! Kifua hichi, bega hili!

"Mashallah," akasema Bi Nasriya. "Huyu ana siha. Kwao kunapikwa. Mkubalie."

Nikamkubalia.

Ijumaa ile tukawaalika chakula. Bibi tangu alfajiri yuko na masufuria, ungedhani anangojea kikosi cha jeshi.

Gari ikasimama. Kashuka Bwana Murshid. Kashuka mkewe. Kashuka na kijana mmoja mrefu, mwembamba kama mlingoti wa bendera, kanzu ya dishdasha inampepea.

Bi Nasriya mlangoni anachungulia nyuma ya kijana. Gari tupu.

"Thani yuko wapi?"

"Mimi hapa, bibi."

"Wewe mdogo wake. Nnamtaka mwenyewe."

"Bibi, Thani ndiye mimi."

Paa! Mlango ukafungwa.

"Wametubadilishia!" akanipigia kelele. "Kaposa mnene, wametuletea mwembamba! Mjukuu wangu simtoi kwa mtu wa badala!"

Nje Bwana Murshid anagonga. "Yakhe! Tumetoka Amerat kote kule, jua hili, mnatufungia mlango? Basi posa imekufa! Thani, washa gari!"

Maha katoka jikoni, machozi chapachapa. "Babu, wasiondoke! Wallahi ndiye!"

"We mtoto, umeitizama ile flashi?"

"Mimi nimemtizama mtu, babu! Mtu mwenyewe!"

Yale machozi yakanishinda. Nikafungua mlango, nikamshika Bwana Murshid mkono. "Ingia, ami. Ingia uone tulichooneshwa, ndio uondoke."

Nikawasha flashi.

Bwana Murshid kaisogelea TV mpaka pua inataka kugusa. "Huyu nani?"

"Mwanao."

"Na hili pipa ubavuni mwake?"

"Wewe."

Maha akafuta macho, akacheka. "Babu, tizama ile gari nyuma yao. Umeona wapi mpira wa gari kama yai?"

Kachukua rimoti. Kabonyeza mara moja, picha ikavimba, vichwa vyote vikapotea juu.

"Sasa ndio hana kichwa kabisa!" Bi Nasriya akashika mdomo.

Kabonyeza tena. Weusi ukarudi pembeni. Mpira wa gari duara. Na Thani mwembamba vile vile kama alivyosimama mlangoni.

"Kamera ya zamani picha yake nne kwa tatu, inakaribia mraba," Maha akatwambia. "TV yetu kumi na sita kwa tisa. Ukiivuta ijae, watu wote wanatanuka."

Nnashusha pumzi mimi. Nasema yamekwisha.

Kumbe mama yake Thani muda wote hatizami TV. Anamtizama Maha.

"Na huyu binti aloshika rimoti nani?"

"Maha huyo."

"Maha gani? Maha tulomuona sisi mrefu, mwembamba, shingo kama ya twiga! Huyu mfupi, kajaa! Siye huyu!" Akachukua mkoba wake.

Lahaula! Bwana Murshid kwake bado ana ile TV ya kichogo, karibu mraba. Video yetu ya simu ni pana, imeingia mle imebanwa mbavu. Kila mtu kawa ufito.

Bi Nasriya akamtizama mama yake Thani, taratibu. "Kumbe wewe ulitaka mwembamba."

"Na wewe ulitaka mnene."

"Basi shoga, mwembamba si unaye huyo, umemzaa mwenyewe? Na mnene mimi nnaye, nimemlea. Tunagombania nini?"

Yule mama akacheka mpaka akakaa chini, mkoba kautupa kule.

Thani akajikohoza. "Mimi, bibi, sikutizama TV yoyote."

Maha kainamisha uso. Pale ndio nikajua posa imefufuka.

Na nyinyi mnaosoma: picha ikibakisha weusi pembeni, iacheni, haina njaa hiyo. Na mkitaka kumjua mtu, waulizeni walomuona kwa macho. Sisi wazee wanne tulikodoa kwenye TV, waliojua ni wale wawili wenye haya.

Kwa kawaida wanaume tungekula majlis, chumba cha wageni, na wanawake ndani. Siku ile nani ana nguvu za kugawana vyumba? TV nikaizima, sinia zikawekwa palepale sebuleni.

"Haya, nawieni mikono," akasema Bi Nasriya, "biriani inapoa."

Tukakaa chini sote, tukala.