Cucu Achungulia Darubini Yangu

Jamani, leo cucu yangu, huyu nyanya yangu, amenimaliza!
(Chekeni polepole, yuko hapa jikoni.)

Si mnajua nasomea digrii ya uinjinia? Kesho mwalimu wetu Mzungu anataka vipimo vya barabara ya Mugutha. Nikamwomba nyanya anishikie ule ubao mrefu wa namba.

Akataka kwanza kuchungulia darubini yangu ya kupimia, akaielekeza kwa wamama waliokuwa wakichuma kahawa kando ya barabara.

Sasa, darubini hii huonyesha watu miguu juu, kichwa chini.

"Uui!" cucu akapiga kelele. "Wamama, mmepinduliwa, shikeni nguo!"

Wachuma kahawa wote wakashika marinda, mbio! Cucu mbele yao.

Nikabaki na ubao wangu. Nimefeli.

Mara namwona anarudi polepole, amevaa suruali ya mzee wake. Akashika ubao wima kama askari.

"Haya, sasa nipindue vile unataka!"