Plasta ya Wifi Mpiga Pasi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, sina kawaida ya kumsifu. Tangu niolewe ananiita "mke wetu" kana kwamba na yeye alinioa. Lakini leo namsifu, na akisoma asivimbe kichwa.

Anapiga pasi kwa dobi mmoja mwenye chumba kirefu, meza zilizofungwa blanketi, na mvuke wa kukunja nywele ulizohangaika kuzinyoosha. Shati kwake linaanzia kwenye kola, kutoka ncha kuja katikati, ili mkunjo usikimbilie mbele watu wakauona. Wateja huuliza kwanza, "Yule mama yupo?" Akiwa hayupo, wanarudi na furushi lao.

Basi kifundo cha mkono wake wa kulia kikaanza kusumbua. Ugonjwa wa viungo. Kinavimba, kinawaka moto, kisha vidole vinakataa amri. Siku pasi ilipomponyoka ikatua sakafuni, dobi alimwambia kwa upole, "Mama, nitakuhamishia kaunta upokee nguo."

Alikuja kwangu amenuna. "Kaunta! Kule wanataka mtu wa kuchekacheka."

"Basi utawafukuza wote," nikamwambia.

"Ndiyo maana siendi."

Hospitali walikuwa wanatafuta wagonjwa wa viungo wa kujaribu plasta mpya. Daktari, binti mwembamba wa sauti ya taratibu, alitueleza: ndani ya plasta kuna utando laini, kama uteute ulioganda, umelowa dawa. Ngozi ikiwa na joto lake la kawaida, utando unatulia na dawa yake. Kiungo kikivimba na kupata joto, utando unasinyaa kama sifongo inayokamuliwa, dawa inaingia mwilini kupitia ngozi. Kikipoa, unaacha. Muuguzi aliyekuwa naye akamalizia, "Usikae karibu na jiko, mama. Joto la nje litaikamua dawa yote kwa mpigo."

Wifi yangu akiambiwa, ameambiwa. Hakukanyaga jikoni tena. Chakula chake na cha wanawe kikawa kinatoka kwangu, na bado ananituma salamu kwamba chumvi haijakolea. Lakini mkono ulitulia kweli. Vidole vikafunguka, akabaki na meza yake.

Ila mchana akawa anasinzia. Akigeuka, anayumba. Mwisho akaunguza shati jeupe la mteja, mgongoni, alama nzima ya pasi. Tangu aanze kazi hakuwahi kuunguza hata leso.

Wenzake wakamshauri anyamaze. "Ukisema, wanakubandua, unaishia kaunta." Nami nilimwambia hivyohivyo, maana nilikuwa nimemwona anavyocheka peke yake kwa furaha akifunga vifungo vyake mwenyewe.

Akanikazia macho. "Mke wetu, na mwingine akibandikwa, akasinzia na mtoto mgongoni?" Akavaa viatu. Nikamfuata, maana habari kama hiyo sipendi kuhadithiwa.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, ulikaa karibu na jiko?"

"Jiko? Hata chai nachemshiwa na huyu hapa."

"Kazi yako ni nini?"

"Napiga pasi."

Daktari akamtazama muuguzi. Muuguzi akautazama ukuta. Mimi nikajiona mjinga wa kupigiwa mfano: nimembebea masufuria wiki nzima asiukaribie moto, kumbe kutwa ameushika mkononi! Wifi akaelewa wa mwisho, akacheka mpaka akashika meza. "Mlisema jiko! Pasi nani aliitaja?"

"Hatukuifikiria. Joto lake ndilo linaloikamua dawa yote, ikakulevya," daktari alisema. Hakujitetea, hilo nililipenda. Lakini plasta aliibandua. Mpaka wapate njia, mtu wa kazi ya joto asiivae.

Basi wifi akaenda kaunta, mkono umevimba upya, anapokea nguo za watu kwa uso wa hakimu. Nilimchokonoa makusudi nione kama anajuta.

"Bora ninune nikiwa macho," alinijibu, akaniambia nisogee, nimeziba foleni.

Nao hospitali hawakukaa bure. Daktari alikuja mwenyewe na kipimajoto, akasimama kwenye mvuke jasho likimtiririka, akamwomba wifi amwonyeshe mkono unavyopita juu ya meza. Akaondoka. Baadaye akarudi na plasta yenye mgongo mnene unaong'aa, wa kuzuia joto la nje, ili utando usikie joto la ngozi peke yake.

"Tunaomba uijaribu wewe, mama, nikiwa hapahapa."

Dobi akakubali, kwa sharti moja: akisinzia, kaunta ndiyo yake moja kwa moja.

Nilikwenda kuangalia. Daktari alivua koti lake jeupe akamkabidhi. Wifi akalinyoosha, akalitundika, akavuta nguo nyingine.

"Unasikia kizunguzungu, mama?"

"Nasikia maswali tu."

Saa zake za kusinzia zikafika. Pasi zote zikanyamaza, chumba kizima kikamgeukia. Daktari alimshika kifundo, akakipima, akakipima tena. Kimepoa. Wifi macho makavu, hayumbi.

"Mnanitolea macho, mimi sinema?"

Dobi akakohoa, akasema kaunta atatafutwa mtu mwingine.

Wifi alifuta jasho kwa bega, akalivuta kapu lililofuata. Mimi ndiye niliyetoka nje kulia, na nikiulizwa nitasema ni mvuke.