Trask Mwenye Pete Puani

Mume wangu, Kazimir Wojtas, alikuwa mpiga chapa miaka thelathini na sita hapa Pennsylvania, na ukimuuliza atakuapia hakuwahi kuharibu kazi. Muongo huyo! Aliharibu mara moja, mwaka 1957, na mimi ndiye niliyemsikiliza akijilaumu wiki nzima.

Siku hiyo walikuwa wanachapa kadi za wachezaji wa besiboli, zile zinazotiwa ndani ya pakiti za chingamu. Redioni timu yetu ilikuwa raundi ya tisa, ya mwisho, na huyu bwana mkubwa wangu badala ya kuangalia mtambo akatega sikio. Kipande cha wino mkavu kikanata kwenye bamba la kuchapia. Kuja kugeuka, mchezaji Lonnie Trask ana pete nyeupe puani, kama fahali! Akafuta bamba upesi, asimwambie mtu kiwandani. Karatasi zilizokwisha kupita zikaenda zake madukani. Na timu ikafungwa vilevile.

Yangeishia hapo, ila wakusanyaji wa kadi hawana dogo. Mtu mzima na akili zake anashika lenzi, anahesabu nyusi za Trask! Wakaiona pete, wakaona na uchache wake, basi wakashikwa na wazimu. Kazimir naye akawa hakosi onyesho la kadi. Anazinunua, anazileta nyumbani, anazitia kwenye jiko la kuni ili jina lake lisichafuke.

"We mwanamume," nikamwambia, "ukizidi kuzichoma ndiyo wanazidi kuzitafuta."

"Regina, koroga supu yako."

Amechoma arobaini na moja.

Jumamosi iliyopita, mwaka wa thelathini na mbili tangu aharibu, tulikuwa kwenye onyesho ukumbi wa kanisa. Mwalimu mstaafu, Thelma Gaffney, alikuwa amemweka Trask wa Pete katikati ya meza yake.

"Bei gani?" Kazimir akauliza.

"Haiuzwi, mzee. Nina kadi elfu sita, zote safi, zote zimefanana. Hii peke yake ndiyo inanionyesha kulikuwa na mtu pale mtamboni. Jamaa alizubaa, akashtuka, akafuta. Nampenda huyo jamaa! Natamani nijue alikuwa anawaza nini."

Nikamtazama mume wangu. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Alikuwa anasikiliza redio," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mimi."

Thelma akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Wewe ni wa tatu mwaka huu, mzee wangu! Wa kwanza alikuwa muuza bima. Haya, ushahidi uko wapi? Mchapaji mwenyewe angekosa hata kadi moja?"

"Nilikuwa nazo arobaini na moja."

"Ziko wapi?"

Kazimir akanigeukia. "Regina, mwambie."

"Ni yeye kweli, mama. Alizichoma zote."

"Na wewe ni nani yake?"

"Mkewe."

"Ahaa," akasema Thelma kwa upole, akamsogezea sahani ya pierogi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi.

Hakuzigusa. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akaanza upya: nani alikuwa anarusha mpira, nani alishika gongo, kitambaa alichofutia bamba kilikuwa rangi gani. Watu wa meza za jirani wakaanza kugeuka, wengine wakikonyezana.

"Niliharibu mimi, mama!" akawa anasema. "Haki ya Mungu, niliharibu mimi!"

Maisha yangu yote namcheka Kazimir. Siku ile nilimwonea huruma, nikashindwa kumcheka.